Uradi wa Shadhiliya na kizunguzungu

Ndugu yangu, umeuliza uradi (zikri ya kila siku) wa Shadhiliya, tarika ya Kisufi, wa kutuliza moyo unasomwaje, na kwa nini ukizidisha unapata kizunguzungu. Uradi wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani: baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, ukiwa na udhu, istighfari (kuomba msamaha) 100, kumswalia Mtume 100, kisha La ilaha illa Allah 100, na ya mwisho unaitimiza kwa Muhammadun rasulullah. Usipindue mpangilio, moyo unaoshwa kwanza ndipo unapambwa. Angalia pia tasbihi yako: nyingi zina punje 99 au 33, mzunguko mmoja haukufikishi mia.

Kosa kubwa ni haraka. Ulimi ukikimbia, "illa" (isipokuwa) inamezwa, na hapo umebaki unakanusha tu bila kuthibitisha. Kizunguzungu nacho si jini (wapo watakaokuambia hivyo). Unahema kwa nguvu na kasi, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinaingia ganzi. Keti, shusha sauti, kalima moja kwa pumzi moja ya kawaida. Zikri ya kusimama iache kwenye halaka (duara la zikri), ambako yupo khalifa, msaidizi wa sheikh, wa kushika mwendo.

Kusoma kwa maelfu kunataka ijaza (ruhusa) ya sheikh. Na kama unatumia dawa za sonona au usingizi, usiziache kwa sababu umeanza uradi. Ongea na daktari kwanza.