Mtoto aliyezoea chupa: usigombane naye titini

Dada, pole kwa kisu na hongera kwa kichanga. Umeandika kwamba ana siku 9, alianzishiwa chupa ukiwa bado hujiwezi baada ya upasuaji, na sasa ukimweka titini anajipinda mgongo na kulia hadi sauti inakauka. Na mama mkwe ameshaanza kusema maziwa yako mepesi. Hata mimi mwanangu wa kwanza nilimzaa kwa kisu hapa Tabora, na siku 4 za mwanzo alikunywa maziwa ya kopo kwa chupa.

Kilichoniumiza zaidi ni kudhani ananikataa mimi. Sivyo. Maziwa ya chupa yanamiminika yenyewe, kazi yake kumeza tu. Titi analifanyia kazi kwa ulimi na taya, na maziwa huchukua dakika moja hivi, pengine zaidi, kushuka. Hana subira hiyo. Mimi nilikuwa nangoja alie kwa njaa ndipo nimsukumie kichwa titini, nikiamini njaa itamfundisha. Ikamfundisha kwamba titini ni mahali pa ugomvi.

Aliyenitoa hapo ni mkunga mmoja mstaafu, jirani yangu mtaani Isevya. Alinikuta nashindana na mtoto, akamchukua, akambembeleza, akaniambia nivue blauzi. "Usimpe kitu. Mlaze tu." Nikamlaza kifuani akiwa na nepi tu, kanga juu yetu wawili, saa nzima. Siku ya kwanza alilala. Ya tatu akaanza kutafuta kwa mdomo mwenyewe.

Chupa tuliiweka kando, kopo tukaendelea nalo kwa kikombe kidogo: anakaa wima, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, analamba mwenyewe, humwagii. Kumnyima ghafla ni hatari, usifanye.

Huku nyuma unakamua kila baada ya saa 2 au 3, usiku usiruke, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Kidole gumba juu, vingine chini, pembezoni mwa weusi unaozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu. Mimi nilianza na kijiko kimoja cha chai, nikalia, nikaendelea.

Mama mkwe wangu kwa nia njema alileta asali nipake chuchu. Asali yetu ya Tabora naipenda, lakini mtoto chini ya mwaka 1 hapewi hata kwa kulamba, inaweza kubeba vijidudu vinavyomtengenezea sumu tumboni. Tone la maziwa yako linatosha kumvuta.

Mjaribu anapoamka taratibu, analamba midomo, kabla ya kilio. Kamua kwanza hadi yadondoke. Kwa kidonda chako, mpitishe chini ya kwapa, miguu yake ielekee mgongoni kwako, asiguse mshono. Pua yake ielekeane na chuchu. Ngoja apanue mdomo kama anayepiga mwayo, kisha mlete yeye kwenye titi, usimwinamie. Weusi mwingi uingie, kidevu kiguse titi. Likiuma, pitisha kidole pembeni mwa mdomo, mwachishe, muanze upya.

Siku ya 11 ya hayo yote, saa tisa usiku, alishika. Nilisikia anameza nikaogopa hata kupumua. Kopo tulilipunguza kidogo kidogo kwa wiki mbili, huku nikihesabu nepi zilizolowa, 6 au zaidi kwa siku, na kumpima uzito kliniki.

Mkojo ukipungua, akilegea, akiwa haamki kula au macho yakiwa ya njano, nenda hospitali siku hiyohiyo. Waombe pia waangalie chini ya ulimi, wengine umefungwa na ndiyo maana hawashiki.

Mama mkwe mwombe akuchukulie maji na kukupikia uji, wewe leo umlaze kifuani. Ukishampima, rudi utuambie amefika kilo ngapi.