Maswali ya Wasomaji: Tumbo la Asubuhi, Imla, Msiba na Kuduwaa

Barua nne za mwezi huu zote zinahusu watoto wa skuli za msingi. Wanaojibu ni mwalimu wa ushauri nasaha na muuguzi wa afya ya akili. Barua tumezifupisha na majina tumeyatoa.

Mwanangu wa kike yuko Darasa la Pili. Kila siku ya skuli, ikifika kuvaa sare tumbo linamsokota, mara nyingine anatapika. Nikisema basi baki, saa nne yuko nje anaruka kamba. Dada zangu wanasema anadeka, dawa yake bakora. – Mama, Wete

Mama, tumbo linamuuma kweli. Hofu husokota utumbo, na mtoto wa umri huo bado hajui kusema "kuna kitu kinanitisha". Kuruka kamba saa nne hakumfanyi mwongo. Kilichokuwa kikimtisha kimeshapita kwa siku ile, basi na tumbo limetulia.

Hata hivyo anzia hospitali, apimwe mkojo na choo. Pemba kichocho bado kipo, minyoo ipo, na damu kwenye mkojo si jambo la kusubiri. Muulize pia anakwenda haja kubwa mara ngapi kwa wiki. Wapo watoto wanaojibana tangu asubuhi mpaka warudi nyumbani kwa sababu choo cha skuli kichafu, au mlango hauna komeo na wenzao wanachungulia. Choo kikikaa siku tatu kikakauka, tumbo linauma bila hofu yoyote. Vipimo vikiwa salama, usimrudishe zahanati kila wiki, maana kila kipimo kipya kinamthibitishia kwamba anaumwa. Atakapopata homa, akikonda, au maumivu yakimwamsha usiku, hapo mrudishe.

Kisha chukua daftari uandike kwa wiki mbili: siku gani, tumbo lilianza saa ngapi, likaisha saa ngapi, siku ile kulikuwa na somo gani, na chuoni (madrasa) alikwendaje. Ukiona jioni anakwenda chuo akiwa mzima na mashaka ni ya skuli tu, basi jambo liko skuli, si kuachana na wewe. Kama skuli yenu ina mikondo miwili, angalia zamu ikibadilika. Akihamia mkondo wa mchana na tumbo nalo likahamia mchana, acha kulaumu chai ya asubuhi.

Usimuulize "kwa nini hutaki skuli?" Atajibu "basi tu", na wewe utakasirika. Mpe karatasi achore njia nzima: mlango wa nyumbani, barabara, geti, darasa, choo, uwanja, mahali pa kununua vitafunio. Mwambie apake rangi nyekundu panapomtia hofu. Halafu uliza sehemu moja moja: "Hapa getini huwa kuna nani?" Mara nyingi jibu ni dogo kwa mtu mzima: mkubwa anayemnyang'anya pesa ya mapumziko, au mwalimu anayesomesha kwa kupiga kelele. Likitoka jambo la kupigwa sana au kushikwa mwilini, mpango tunaoueleza hapa chini uusimamishe. Usimrudishe mahali pale mpaka awe salama, na piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Kama si hilo, arudi skuli mapema, kwa hatua. Siku mbili za mwanzo akae vipindi viwili, siku tatu zinazofuata mpaka mapumziko, wiki ya pili siku nzima. Mwombe mwalimu mmoja, awe yule yule kila siku, ampokee getini kwa jina lake na ampe kazi ya mikono, kama kugawa madaftari. Kuaga kusizidi dakika moja. Usimtoroke akiwa amegeuka, kwani kesho atakushika baibui asikuachie. Na saa mliyokubaliana ya kumchukua iwe hiyo hiyo. Ukimtoa kabla kwa sababu analia, amejifunza kwamba akilia vya kutosha mlango unafunguka. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, na kwa kawaida anayeiharibu ni bibi mwenye huruma.

Siku akibaki nyumbani kwa maumivu, iwe siku ya mgonjwa: kulala, uji, daftari. Hakuna katuni, hakuna simu, hakuna kamba. Hiyo si adhabu. Hofu hunenepa kwa kukimbiwa, na nyumbani kukiwa kutamu kuliko skuli ndiyo inanenepa zaidi. Bakora nayo inamwongezea sababu ya pili ya kuogopa asubuhi.

Nasomesha Darasa la Tatu, wanafunzi 84. Kijana mmoja anachana madaftari ya wenzake na kupiga. Nimemsimamisha mbele, nimemtoa nje, nimeita wazazi. Hakuna kilichobadilika. – Mwalimu, Magharibi 'B'

Maalim, kwa wanafunzi 84 hatukuambii umkalishe kila mtoto umsikilize. Tunakuomba uandike matukio matano tu, kila moja mistari mitatu: nini kilitangulia, alifanya nini, kilifuata nini. Tuseme umeandika hivi: "Imla. Kachana daftari la jirani. Nimemtoa nje." Na la pili vivyo hivyo, na la tatu. Basi jibu liko mbele yako. Imla inamshinda, na kutolewa nje kunamwokoa. Unachokiita adhabu, kwake ni nafuu.

Kabla ya tabia, kagua masikio na macho. Simama nyuma yake, kiasi cha urefu wa mkono, mnong'oneze namba tatu azirudie, sikio moja moja ukiliziba la pili. Kisha asome herufi za ubaoni kutoka mita sita, jicho moja moja. Akikwama, mwandikie mzazi ampeleke hospitali. Kama anaona na anasikia, mpe imla ya maneno manne badala ya kumi, umkalishe mbele pembeni, na umsahihishe kwenye daftari, si kwa sauti. Adhabu iwe kurekebisha alichoharibu: agundishe daftari alilochana au anakili ukurasa uliopotea. Asitolewe nje.

Jambo la pili linachukua dakika mbili kwa siku, kwa siku kumi za skuli mfululizo. Zungumza naye jambo lisilohusu masomo wala makosa: mpira, ng'alawa ya babake, chochote. Wiki ya kwanza atakujibu kwa mkato na utaona unapoteza muda. Endelea.

La tatu lifundishe darasa zima, na ulifundishe wakati wa utulivu: kuvuta pumzi kwa hesabu ya tatu na kuitoa kwa hesabu ya tano, mara tano, kabla ya kipindi kigumu. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mbio za moyo. Kumwambia "vuta pumzi" mtoto aliyekwisha kupandwa na hasira hakusaidii. Wakati huo mpe nafasi, nena kidogo, na mazungumzo yasubiri mpaka atulie kabisa.

Kaka yangu amefiwa na mkewe. Binti yao ana miaka saba, tunamlea sisi. Tulimwambia mama amesafiri kwenda Unguja kutibiwa. Sasa kila siku anauliza anarudi lini, na skuli wanasema haandiki kitu. – Baba mdogo, Micheweni

Pole sana, wewe na jamaa wote. Mwambieni leo, asije akaambiwa na mtoto mwenzake uwanjani. Aseme babake, na wewe uwepo, mahali tulivu, mapema mchana na si wakati wa kulala. Maneno yawe machache: "Mama hakusafiri. Tulikwambia hivyo kwa kuogopa utalia, na haikuwa sawa. Mama aliugua sana, madaktari walijitahidi, na amekufa. Hapumui, haumwi tena, na hatarudi. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tunarejea. Hukufanya kosa lolote lililosababisha."

Neno "amekufa" linaonekana kali, lakini "amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "Mungu kampenda zaidi" humfanya aogope kupendwa na Mungu. Utajeni ugonjwa kwa jina lake, kwani akisikia "aliumwa" tu, mafua ya babake yatamtia hofu. Ile sentensi ya kosa msiiache hata kama hajauliza. Wapo wa umri huu wanaoamini kwamba ukaidi wao ndio uliomuua mzazi.

Anaweza kulia dakika tano, kisha akaomba kwenda kucheza nage. Muacheni. Kesho atauliza yale yale, na mjibu yale yale. Akicheza mchezo wa kuzika mwanasesere, asikatazwe. Akitaka kwenda kaburini au kuwa na kanga ya mamake ya kulalia, mpeni.

Mwalimu wake aelezwe ana kwa ana. Yeye na mtoto wapatane ishara, kwa mfano kuweka kalamu upande wa kulia wa daftari, akiiweka anatoka nje dakika chache na rafiki bila kuomba ruhusa mbele ya wote. Kazi zipungue kwa muhula huu, zisifutwe. Mtoto aliyefiwa anahitaji ratiba yake ile ile kuliko huruma za kila mpita njia.

Akisema "nataka kumfuata mama", muulizeni wazi: "Unataka kumwona, au unataka kufa?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema kufa, siku hiyo hiyo apelekwe hospitali ya wilaya na asiachwe peke yake. Kama baada ya miezi sita bado hali vizuri, halali, hachezi na mtu, apelekwe pia, hata kama hakusema neno.

Mjukuu wangu Darasa la Kwanza anaduwaa. Anakazia macho mahali, ukimwita haitikii, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu anasema mjeuri, jirani anasema jini. Nimempa kombe, maji ya aya za Kurani. – Bibi, Makunduchi

Bibi, kombe na kisomo haviwazuii kwenda hospitali, na hospitali haivikatazi. Unavyoeleza huenda ni kifafa cha kuduwaa: sekunde tano mpaka ishirini, pengine kope zikipepesa, mara nyingi kwa siku, hasa watoto wa miaka minne hadi kumi. Si ujeuri, kwa sababu wakati ule hasikii. Kina dawa za kila siku, na wengi wakizitumia sawasawa hutulia.

Mpige video kwa simu anapoduwaa, uhesabu sekunde, na uandike mara ngapi kwa siku. Daktari atafaidika na video ile kuliko maelezo ya watu watatu. Anza na hospitali iliyo karibu na uombe rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja mjini. Mpaka aonwe asipande miembe, asiogelee peke yake, na asikae karibu na jiko la kuni. Akianguka akatetemeka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na ikipita dakika tano tafuta gari.