Mlezi wa biashara Ufilipino: apatikane wapi, na apewe nini cha kukagua

Swali: Assalaam alaykum. Naishi Muscat, na mke wangu ni Mfilipino wa Iloilo. Mkataba wake wa kazi unaisha mwakani, naye anataka kurudi kwao afungue tanuri la pandesal, ile mikate midogo wanayokula asubuhi. Wenzake wanamsisitiza asianze bila menta, yaani mlezi wa biashara. Kuna faida ya kweli, au ni maneno ya semina tu? Anapatikana wapi, na hulipwa?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Faida ipo, na ni kubwa, ila semina nyingi huitafuta mahali isipokuwepo. Kazi ya mlezi si kumtia mkeo moyo. Kazi yake ni kukagua daftari lake kila mwezi na kuona hasara kabla haijala akiba ya miaka ya Uarabuni.

Chukua hesabu hii ya mfano. Unga kilo 25, ukishachanganywa na maji, sukari, mafuta, chumvi na hamira, hutoa donge la kama kilo 45.5. Ukikata vipande vya gramu 35 unapata 1,300. Tuseme viungo vimegharimu peso 2,000, gesi 250, ujira wa mwokaji na msaidizi 1,000, pango na umeme 450. Jumla 3,700. Ukiuza kila kipande peso 3 unapata 3,900, na kwa macho ya mgeni umebakiwa na faida ya 200. Lakini vipande 8 katika kila 100 vikilala, vikiungua au vikiliwa na watu wa nyumbani, mauzo yanashuka hadi 3,588. Hapo umepata hasara ya peso 112 kwa siku, na mwenye duka bado hajajilipa mshahara. Tena msaidizi akikata gramu 40 kwa kukisia, vipande vinakuwa 1,137 tu. Mlezi aliyewahi kuendesha tanuri hulijua hili, na jambo la kwanza atakalouliza ni mizani iko wapi.

Kodi nayo ina mtego wake. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayavuki peso milioni 3 kwa mwaka anaweza kuchagua kulipa asilimia 8 ya mauzo yanayozidi peso 250,000. Wengi huichagua kwa sababu ni rahisi kuikokotoa. Kwa tanuri letu la mfano, hata bila mikate kulala, siku 300 za kazi ni mauzo ya 1,170,000 na faida ya 60,000. Asilimia 8 inakuja 73,600, yaani kodi imezidi faida yenyewe! Akibaki kwenye viwango vya kawaida, faida hiyo haifikii kiwango cha kutozwa kodi ya mapato, kwa hiyo atalipa tu kodi ya mauzo ya asilimia 3, ambayo ni 35,100. Bado ni mzigo kwa biashara yenye faida nyembamba hivi, na hapo mlezi wa hesabu atamwambia kwamba bei au gharama lazima ibadilike. Uchaguzi huo hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa kodi na haubadilishwi katikati, kwa hiyo aulize mapema.

Kuhusu mahali pa kumpata: sheria ya Go Negosyo, RA (yaani Sheria ya Jamhuri) namba 10644 ya mwaka 2014, ilianzisha vituo vinavyoitwa Negosyo Center chini ya wizara ya biashara, DTI. Huduma zake ni bure. Aanzie hapo. Pale pale ataelekezwa namna ya kusajili jina la biashara (ada ya ngazi ya mji ni peso 500 pamoja na stempu ya 30, na usajili hudumu miaka 5), kisha kibali cha barangay, yaani serikali ya mtaa, kibali cha meya na usajili wa kodi BIR, mamlaka ya mapato. Aulize pia cheti cha BMBE, yaani cha biashara ndogo kabisa za mtaani, kilichowekwa na RA 9178 kwa biashara ambazo mali zake, ukiacha ardhi, hazizidi peso milioni 3. Kinasamehe kodi ya mapato, ila ile asilimia 3 haimo.

Tanuri likishaanza kazi, aombe nafasi katika Kapatid Mentor ME, mpango wa DTI na shirika la Go Negosyo ulioanza 2016. Washiriki hupitishwa katika masoko, uzalishaji, uhasibu, kodi na mikataba wakifundishwa na wafanyabiashara wenyewe, na mwishoni kila mmoja hutetea mpango wa kuboresha biashara yake mbele ya jopo. Umelenga biashara zinazofanya kazi tayari, kwa hiyo asiusubiri ndipo aanze kutafuta ushauri.

Ningependelea awe na watu wawili: mwokaji mkongwe wa mji mwingine, asiye mshindani wake, na mtu wa hesabu. Mshauri binafsi wa kulipwa alipwe kwa kikao, kwa makubaliano ya maandishi. Ajihadhari na mlezi anayemuuzia unga, mashine au jina la biashara, maana ushauri wake utaelekea kwenye bidhaa yake. Mlezi asikopeshe, wala asiombe hisa.

Kinachovunja malezi haya mara nyingi ni aibu. Ufilipino, kama kwetu pwani, mdogo humwitikia mkubwa kwa heshima na huona vibaya kumletea habari mbaya. Mwanafunzi anaitikia kila kitu, kisha anaficha orodha ya ndugu na majirani waliochukua mikate kwa mkopo. Mficha uchi hazai. Dawa ni utaratibu: siku mbili kabla ya kikao atume daftari la mauzo, orodha ya madeni na hesabu ya stoo, ili karatasi ziseme kile anachoona haya kukisema. Kikao cha saa moja na nusu kwa mwezi kinatosha. Kiishe kwa uamuzi mmoja ulioandikwa, na kikao kijacho kianze na uamuzi huo. Wakubaliane miezi 6, kisha wapime.

Nawe usisajili chochote kwa jina lako. Mwekezaji wa kigeni katika rejareja, kwa RA 11595, anatakiwa mtaji wa peso milioni 25, na kumtumia raia kama kivuli ni kosa la jinai. Biashara iwe ya mkeo kweli, pamoja na maamuzi yake.

Hana haja ya kungoja mkataba uishe. Saa 4 asubuhi ya Muscat ni saa 8 mchana Iloilo, ofisi ziko wazi. Apige simu Negosyo Center ya mji wake, na akipata mlezi, kikao cha kwanza kiwe cha kukokotoa gharama ya kipande kimoja kwa bei za unga za Iloilo wiki hiyo, kabla hajanunua tanuri.