Mkeka wa kukatia unaochimbika mapema

Habari dada. Umesema mkeka wako wa kukatia kitambaa una miezi minne tu na tayari una mfereji pale unapokatia, kitambaa kinazama humo na nyuzi hazikatiki. Kabla hujanunua mwingine, kagua wembe wa kisu chako cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaobingirika. Wembe butu hukulazimisha kukandamiza, na kukandamiza ndiko kunakochimba mkeka. Mimi niliua mmoja hivyo, nikikata vitenge tabaka sita kwa mpigo. Siku hizi sizidishi manne kwa wembe wa kipenyo cha milimita 45.

Ukinunua, chukua ule laini ambao mikato yake hujifunga, unene wa milimita 3, siyo plastiki ngumu nyembamba. Ubonyeze kwa ukucha dukani: alama inatakiwa ififie. Mimi natumia saizi ya A2, yaani urefu wa kama sentimita 60, kwa sababu kitenge cha upana wa sentimita 115 nikikikunja katikati kinakaa chote.

Halafu joto, nakusihi sana. Usipige pasi juu yake wala usiuache garini juani. Ukishapinda haunyooki vizuri tena. Na mstari uleule usiukate kila siku, uwe unaugeuza mkeka.