Kuchuma mboga za porini na kuzitumia kama dawa: niliyojifunza

Mwenzetu ameuliza kama ni salama kuanza kujichumia mchicha pori, mnavu na mgagani, na kama majani hayo hayo yanaweza kuchukua nafasi ya dawa anazotumia, kwa hoja kwamba kitu cha asili hakina madhara. Mboga hizi nimezila tangu utotoni na nimezichuma kwa miaka mingi, hivyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja nilirudi na kikapu cha machipukizi ya mchicha pori. Bibi yangu, kabla hajayaosha, aliyachambua jani moja moja hadi akatoa matatu, akayafikicha vidoleni na kuninusisha. Yalinuka vibaya, yalikuwa ya mnanaha. Ukikomaa, mnanaha hujitambulisha wenyewe kwa maua yake marefu kama tarumbeta na matunda yenye miiba, lakini ukiwa mchanga huota katikati ya mchicha, kwenye udongo uleule wenye samadi, bila ua wala tunda. Una atropini na skopolamini, sumu zinazokausha kinywa, kutanua mboni za macho, kuupeleka moyo mbio na kumfanya mtu aweweseke, na kuchemsha si kinga ya kutegemewa dhidi yake. Tangu siku hiyo sichumi kwa kukumba. Nachuma shina moja moja na kutazama ukingo wa jani, kwa kuwa ukingo wa jani la mchicha hauna meno, ilhali jani la mnanaha lina meno makubwa yasiyolingana. Nisilolijua naliacha.

Mnavu unataka uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu sehemu zake hazilingani. Majani machanga huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa ili kupunguza uchungu, lakini matunda mabichi, yakiwa bado ya kijani, yana sumu ya solanini na hayafai kuliwa kabisa. Mgagani nao ni mchungu, ila huo ni uchungu wa ladha tu, na maziwa huupoza.

Kisamvu si cha porini, lakini ndicho kilichonionyesha kwamba hatua za jikoni zina sababu zake. Kwa muda mrefu nilidhani tunakitwanga ili kilainike tu. Kumbe jani la muhogo lina linamarini, kemikali inayozaa sumu ya sayanidi ikivunjwa, na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kinachoivunja kimetengwa nayo ndani ya jani; kutwanga kunapasua seli, viwili hivyo vinakutana, na sayanidi inatoka, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi tu za Selsiasi na kwa hiyo hupaa pamoja na mvuke sufuria ikiachwa wazi. Anayekatakata majani juu juu na kuyatia mara moja kwenye maji yanayochemka hukiua kimeng'enya kwa moto kabla hakijamaliza kazi, na linamarini nyingi inabaki. Mpishi mwenye haraka, kwa maoni yangu, ni heri apike mboga nyingine.

Kuhusu dawa, nitakuwa mkali kidogo. Jina la mwarobaini, mti unaosifiwa kutibu maradhi arobaini, limewafanya wengi waamini kwamba kadiri unavyokunywa zaidi ndivyo unavyopona upesi, ilhali mafuta ya mbegu zake yanaweza kumletea mtoto mdogo degedege, na mjamzito hapaswi kuutumia. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, lakini mizizi na magome yake yana sumu, na anayekuuzia unga wa mizizi hatakwambia hivyo. Tena, ikiwa miongoni mwa dawa zako imo warfarini ya kuzuia damu kuganda, fahamu kwamba majani ya kijani yana vitamini K inayopunguza nguvu yake. Huhitaji kuyaacha, bali ule kiasi kisichobadilikabadilika, na daktari wako ajue kabla hujaongeza. Dawa yoyote uliyoandikiwa usiiache kwa sababu ya jani.

Ukiamua kuanza, anza na mchicha pori peke yake, ukiwa na mtu aliyeuchuma misimu kadhaa, mbali na kandokando ya barabara kuu na mashamba yaliyopuliziwa viuatilifu. Mnavu uache hadi uweze kuutofautisha na jamaa zake hata kabla haujatoa maua.