Ubao, mbao au bodi?

SWALI: Nilienda Ngong Road kutafuta kabati la nguo. Nikauliza, "Mbao hii ni ngumu?" Fundi akacheka: "Mama, hiyo si mbao, ni MDF. Ni unga umeshikwa na gundi." Nani amekosea? – Msomaji, Kayole

JIBU: Kila mmoja ana kosa lake, lakini fundi amekushinda kidogo.

Lako ni la sarufi. Kipande kimoja ni ubao huu, vingi ni mbao hizi. Nairobi tumezoea "mbao hii", labda kwa kuwa ubao mtaani ni njaa na mbao ni shilingi 20! Kwa maandishi sanifu, andika "ubao wa MDF" na "mbao za MDF".

Je, MDF yaweza kuitwa ubao? Fundi anakataa kwa sababu kwake mbao ni mti uliopasuliwa kwa msumeno. Kwa maana hiyo ana haki. Lakini ubao ni pia kitu bapa: shule ngapi zina ubao ambao ni ukuta wa saruji uliopakwa rangi nyeusi? Hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Basi ubao wa MDF ni ubao, ingawa si mbao za msonobari.

Alipoteleza fundi ni kwenye "unga". Unga ni ule unaomjaa puani akikata MDF (avae barakoa, tafadhali). Kiwandani vipande vya mti hulainishwa kwa mvuke, husagwa hadi vichambuke kuwa nyuzinyuzi, kisha huchanganywa na gundi na nta kidogo na kukandamizwa kwa joto kali. Marekani ilianza kutengeneza bodi za MDF kwa biashara miaka ya 1960. Chipbodi ndiyo ya vipande vidogo vidogo, ndugu wa maranda, na ukiivunja utaviona. MDF haina vipande vya kuonekana wala vifundo, ndiyo maana mafundi huichonga maua ya milango na kuipaka rangi ikatoka laini.

Jina refu la MDF (kwa Kiingereza "medium-density fibreboard") ningeliandika "ubao wa nyuzinyuzi wa msongamano wa kati", maana upo baina ya ule mwepesi wa kubandika matangazo kwa pini na ule mwembamba mgumu wa mgongoni mwa kabati. Dukani sema tu "bodi ya MDF, milimita 18". Bodi ni neno la ngeli ya I-ZI, kwa hiyo hapo "hii" yako ni sahihi kabisa.

Na kabati hilo usiliweke karibu na bafu. MDF ya kawaida ikinywa maji hufura, na hairudi.