Barua kwa mwanangu: kabla hujamlipa fundi wa saiti

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umlipe sasa hivi fundi wa saiti, yaani tovuti ya mtandaoni, kwa ajili ya duka lako la kushona hapo Katuba, Lubumbashi, ama kuna kazi ya kutangulia. Ipo, tena haiombi franka hata moja. Chukua daftari, na kwa wiki 2 uandike kila swali linaloingia kwa simu na kwa WhatsApp, kwa maneno ya mteja mwenyewe: kushonesha libaya (blauzi) ni bei gani, kikwembe (kitenge) naleta mimi ama unacho, siku ngapi, muko wapi. Maswali yanayorudi ndiyo kurasa zako. Kwa duka kama lako 4 zinatosha: mwanzo, kazi na bei, namna ya kuagiza, mahali ulipo. Bila daftari hilo, fundi atajaza nafasi kwa picha zinazotembea na maneno ya kukaribisha, nawe utalipia kitu kisichomjibu mtu.

Bei iandike, mama. Ukiificha ili mteja apige kwanza, wengi watapita. Weka "kuanzia", kwa dola, kwa sababu franka inapanda na kushuka na hutaki kurekebisha ukurasa kila mara. Kisha useme bei hiyo ina nini: uzi, zipu na bitana vimo, kikwembe hakimo.

Picha ndipo saiti nyingi zinapofia. Picha moja ya simu hufika megabaiti 4 kwa urahisi. Ukiweka 12 kwenye ukurasa mmoja ni megabaiti 48, na mteja anayenunua mega kidogo kidogo atafunga kabla hajaona nguo ya kwanza. Mwambie fundi apunguze kila moja iwe na upana wa pikseli 1200, kilobaiti 150 hivi. Zote pamoja hazitafika megabaiti 2. Uzipige asubuhi, nguo ikining'inia karibu na mlango. Balbu ya manjano inageuza rangi ya kikwembe, halafu mteja anakuja kudai ile aliyoiona kwenye simu. Na piga moja ya karibu kabisa, pale mkono wa nguo unaposhikana na bega. Anayejua kushona anaangalia hapo kwanza.

Kiungo cha WhatsApp huharibika kwa kosa dogo sana. Kinaandikwa wa.me/243, ile 243 ikiwa namba ya nchi yetu Kongo, kisha tarakimu 9 za namba yako: bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, bila ile 0 ya mbele. 0 ikibaki, kitufe kinaonekana kizuri lakini hakifikishi mtu kwako. Kijaribu kwa simu isiyo na namba yako.

Mahali: avenyu, namba, komine, na kitu ambacho kila dereva wa teksi anakijua.

Jina la saiti, liwe la .cd, ile ya Kongo, ama .com, lisajiliwe kwa imeili yako mwenyewe, na neno la siri ulishike wewe. Likiwa kwa jina la fundi, siku mkikosana anaondoka nalo, na mifuko uliyochapisha inabaki na anwani iliyokufa. Uliza pia bei ya mwaka wa 2, maana wa kwanza mara nyingi huuzwa rahisi. Andika tarehe ya kulipa upya, mwezi 1 kabla.

Daftari likijaa, nitumie picha za kurasa zake Jumapili, tuchague maswali pamoja kabla hujamwita fundi.

Baba yako